Mnanaa na Mizani

Someni kwanza: Mathayo 23:23, Mambo ya Walawi 19:35-36, Amosi 8:4-6, na Amri ya Saba pamoja na maelezo yake katika Katekisimo Ndogo.



Msimu uliopita, watu walipokwisha kutoka kanisani, mzee mmoja wa usharika aliningoja mlangoni, akaniuliza neno. Alisema, "Baba Mchungaji, mizani ya mnunuzi hula kilo mbili tatu katika kila gunia la kahawa yangu. Nami nikitia mawe mawili chini ya gunia, je, nimeiba, au nimerudisha tu kilicho changu?" Nalimjibu kwamba ni dhambi. Lakini naliona usoni pake kwamba jibu langu fupi halikumtosha, wala mimi mwenyewe halikunitosha. Jioni ile nikafungua Injili ya Mathayo, mlango wa 23, nikakuta pale neno la mnanaa. Tangu siku hiyo nimejifunza habari za mmea huo, na za biashara ya mafuta yake, nami nimeona kwamba swali la mzee wetu lilikwisha kuulizwa zamani na watu wa nchi nyingine, na majibu yao yamo katika habari hizo. Kwa hiyo nawaandikia.

1. Jani dogo

Torati iliwaamuru Waisraeli kutoa sehemu ya kumi ya mazao ya nchi. Mafarisayo walizidisha bidii, wakatoa zaka hata katika mboga za kukoleza chakula, zilizoota karibu na nyumba, mnanaa ukiwa mmojawapo. Bwana wetu hakuwalaumu kwa sababu walihesabu majani. Alisema iliwapasa kufanya hayo, ila wasiyaache yale yaliyo mazito zaidi, yaani haki, rehema na uaminifu. Tulishike neno hili, maana tutarudi kwake mwisho wa fundisho.

Jamii ya mnanaa ina aina nyingi. Ule wa nchi ya Israeli si ule ambao mafuta yake yamepata sifa katika biashara. Huu wa biashara ulielezwa na mtaalamu wa mimea Mwingereza, John Ray, mwaka 1696. Ni chotara wa aina mbili za mnanaa, na kama nyumbu alivyo tasa, mmea huu nao hauzai mbegu za kupandwa. Mkulima hupanda vipande vya mizizi yake itambaayo. Waingereza huuita mnanaa wa pilipili kwa sababu ya ukali wake ulimini, na jina lao hilo ndilo lililogeuka katika Kiswahili likawa "peremende". Basi mtoto wa shule ya Jumapili anyonyaye peremende ana kinywani mwake jina la mmea, ijapokuwa hajauona shambani.

2. Jinsi mafuta yanavyopatikana

Mnanaa hukatwa wakati unapoanza kutoa maua, kwa maana ndipo majani yanapokuwa na mafuta mengi. Huachwa shambani ukinyauka kidogo, kisha hujazwa katika pipa kubwa lililofunikwa. Mvuke wa maji yachemkayo hupitishwa chini yake. Mvuke hupanda kati ya majani, ukayachukua mafuta, ukapita katika bomba lililozungukwa na maji baridi, na huko hugeuka kuwa maji tena. Kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji, huelea juu, nayo huchotwa. Kazi hii ndiyo kukeneka. Ndugu zetu wa Pemba waijua, kwa maana huko hukenekwa mafuta ya makonyo ya karafuu.

Katika kilo 1,000 za majani mabichi hupatikana kilo chache tu za mafuta. Kwa hiyo mafuta haya ni mali iliyokusanywa mahali padogo: kazi ya shamba zima huingia katika vyombo vichache. Mfanya biashara huyapenda kwa sababu hayachukui nafasi katika meli, wala hayaozi upesi kama matunda. Huwekwa katika dawa za tumbo na za kifua, katika peremende, na katika dawa za meno. Tena ndani yake imo mentholi, ambayo mafuta yakipozwa sana hugeuka chembe nyeupe kama chumvi. Hiyo ndiyo iletayo ubaridi katika dawa za kuchua mnazozinunua dukani.

3. Uwongo ndani ya chupa

Lakini mali iliyokusanywa mahali padogo ina hatari yake. Gunia la mahindi waweza kulimwaga ukaona mawe. Mafuta ya mnanaa huwezi kuyamwaga ukauona uwongo. Harufu yake ni kali hata hufunika harufu nyingine, na mwizi ajua hayo.

Katika karne ya 19, kilimo cha mnanaa kilipokuwa kimestawi katika jimbo la New York, na baadaye katika jimbo la Michigan, huko Marekani, baadhi ya watu walitia tapentini ndani ya mafuta. Wengine walitia mafuta ya mbarika. Wengine hawakutia kitu, bali walikuwa wavivu wa kupalilia, wakakeneka mnanaa pamoja na magugu, na mafuta ya magugu yakachanganyika na mema. Baadaye ikazuka hila nyingine: mafuta ya mnanaa wa Kijapani yaliyokwisha kuondolewa mentholi yalitiwa katika mafuta ya thamani kubwa, yakauzwa kwa jina la hayo ya thamani.

Wanunuzi nao walitafuta njia za kuwapima wauzaji. Tone moja likiwekwa juu ya karatasi, mafuta safi ya mnanaa huruka yote hewani, lakini mafuta ya mbarika huacha doa. Tapentini haikufichuka kwa urahisi huo, maana nayo huruka. Hivyo hofu ilibaki, na hofu hiyo haikumwadhibu mwongo peke yake. Mnunuzi asiyeweza kuitambua chupa ya mwongo huzishuku chupa zote za nchi ile, akatoa bei ndogo kwa wote. Mjane aliyepalilia vizuri na kijana aliyetia tapentini walipokea bei moja.

4. Mfanya biashara wa Phelps

Katika mji mdogo wa Phelps, katika jimbo la New York, alikuwako mtu jina lake Hiram Hotchkiss, mwenye duka na kinu cha unga. Wakulima walimletea mafuta ya mnanaa badala ya fedha, naye akayapokea. Mnamo mwaka 1839 alipeleka mafuta hayo kwa wafanya biashara wakubwa wa mji wa New York. Wakayakataa, kwa kuwa walizoea kuletewa mafuta yaliyoghoshiwa, nao hawakusadiki kwamba haya yalikuwa safi.

Hotchkiss hakuwaiga waghushi. Aliyatia mafuta yale katika chupa, akayapeleka ng'ambo, hata Hamburg katika nchi ya Ujerumani. Huko yalipimwa, na jibu likaja kwamba ni mafuta safi, na kwamba yanatakiwa mengine. Tangu hapo akayauza kwa jina lake mwenyewe, kila chupa ikiwa na karatasi yenye jina hilo. Katika miaka ya 1840 akahamia mji wa Lyons, ulio karibu, na katika maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 mafuta yake yakapata nishani. Jumba la biashara yake lingali likisimama Lyons hata leo.

Angalieni, ndugu, jambo lililofanyika hapo. Mafuta yalikuwa yale yale yaliyokataliwa New York. Kilichozidi ni kwamba mtu mmoja aliweka jina lake juu ya chupa, akakubali kupimwa na mgeni. Kwa hiyo uaminifu si neno la Jumapili tu. Ulikuwa sehemu ya bei. Hata hivyo Serikali ya Marekani iliona kwamba jina la mtu mmoja mmoja halitoshi kuwalinda watu wote, na mwaka 1906 ikatunga sheria juu ya usafi wa vyakula na dawa, ili kitu kisiuzwe kwa jina lisilo lake.

Nina mfano mwingine juu ya jambo hili. Siku hizi mentholi hutengenezwa pia katika viwanda, bila jani hata moja la mnanaa. Wajerumani walianza katika miaka ya 1970, na Wajapani katika miaka ya 1980. Namna ya Wajapani ilitokana na elimu ya mtaalamu Ryoji Noyori, aliyepewa nishani ya Nobel mwaka 2001, nayo huanzia katika vitu vya utomvu wa msonobari, yaani vya asili moja na tapentini. Kitu kilichokuwa wizi katika chupa ya mkulima ni biashara halali katika kiwanda, kwa sababu kiwanda husema wazi kinauza nini. Dhambi haikuwa ndani ya tapentini. Ilikuwa katika jina la uwongo lililoandikwa juu yake.

5. Wale wanaobaki nyuma

Nikiishia hapo, fundisho litakuwa tamu mno, na mzee wetu atasema kwamba nimesimama upande wa mnunuzi. Basi tutazame upande wa pili.

Hotchkiss mwenyewe alitamani kuushika soko lote mkononi mwake. Tena katika miaka hiyo ya 1840 kampuni moja ya New York ilifanya mapatano na wakulima wa mnanaa, ikawalipa baadhi yao ili wang'oe mimea yao na wasiipande tena kwa muda, mafuta yapungue na bei ipande mkononi mwa kampuni. Mafuta ya kampuni yaweza kuwa safi kabisa, na karatasi ya chupa ikasema kweli, huku mkulima hana neno lo lote katika bei ya kazi yake. Usafi wa mafuta haukuleta haki peke yake.

Tena biashara hii huhama, wala haiwaagi watu. Kwanza ilistawi Mitcham, karibu na London, mahali ambapo leo ni sehemu ya mji. Kisha ikaenda New York, kisha Michigan. Huko Albert Todd wa Kalamazoo, aliyezaliwa mwaka 1850, alijipatia utajiri katika mashamba ya udongo mweusi wa mabwawa yaliyokaushwa. Lakini mnamo mwaka 1924 ugonjwa wa kuvu ulionekana katika mashamba ya Michigan. Kuvu hiyo hukaa udongoni miaka mingi, ikinyausha mmea toka mizizini. Na kwa kuwa mnanaa ule hauna mbegu, mimea yote ilikuwa kama mmoja: iliyomwua mmoja iliweza kuwaua wote. Tena mkulima aliyempa jirani mizizi ya kupanda aliweza kumpa na ugonjwa bila kujua. Kilimo kikahamia magharibi, Oregon na Washington. Aina zinazostahimili ugonjwa zaidi zilipatikana kwa kuipitishia mizizi mionzi, zikatolewa kwa wakulima katika miaka ya 1970.

Mentholi nayo ilihama. Kabla ya vita vya pili vya dunia sehemu kubwa ilitoka Japani, hasa Kitami katika kisiwa cha Hokkaido. Baada ya vita Brazili ikapata sehemu kubwa. Leo Bara Hindi ndilo lililo mbele ya wote, na wakulima wengi wa huko ni watu wa vishamba vidogo katika jimbo la Uttar Pradesh, kwa mfano wilaya ya Barabanki. Mnanaa wao ni aina nyingine, yenye mentholi nyingi. Hupandwa miezi ya kwanza ya mwaka, hukatwa mnamo Mei na Juni, kabla ya mvua kubwa na kilimo cha mpunga. Mtambo wa kukenekea huwa kijijini. Mkulima huweza kuyaweka mafuta nyumbani katika chombo, akiuza kidogo kidogo apatapo haja ya fedha, ya karo au ya ugonjwa, kama wengine wetu tuwekavyo mbuzi.

Lakini bei hafanyi yeye. Mafuta hayo huuzwa pia katika soko la mjini Mumbai, ambako watu hununua na kuuza mafuta ya miezi ijayo, na wengi wao hawatayaona kamwe. Mwaka 2012 bei ilipita rupia 2,000 kwa kilo moja. Miaka michache baadaye ilikuwa chini ya rupia 1,000. Mwaka huo wa 2012 wengine waliona faida, wakapanua mashamba yao; na bei iliposhuka mizizi ilikuwa imekwisha kupandwa. Hakuna aliyewaibia kwa mkono, walakini nyumba nyingi zilipungukiwa.

6. Jibu kwa mzee

Sasa naweza kumjibu mzee wetu vizuri zaidi kuliko siku ile mlangoni.

Kwanza, mawe yale yangemlipa nani? Mnunuzi mwenye mizani mbaya hatayabeba. Atayapeleka mbele, na mawe yatakapoonekana, kahawa ya wilaya nzima itapewa jina baya, kama mafuta ya wakulima wa New York yalivyokataliwa yote kwa ajili ya baadhi. Hivyo mtu adhanie kwamba amejilipa kwa mwizi amejilipa kwa jirani yake: kwa mjane, kwa yatima, kwa mtoto wake mwenyewe atakayeuza kahawa baadaye. Dk. Martin Luther, akieleza Amri ya Saba, haishii katika wizi wa usiku. Ataja pia bidhaa za uwongo na ulaghai katika biashara, kisha atuamuru kumsaidia jirani yetu alinde mali yake na kuizidisha.

Pili, amri hiyo yamhusu mwenye mizani sawasawa na mwenye gunia. Nabii Amosi aliwakemea kwa pumzi moja waliopunguza kipimo na waliouza takataka za ngano. Mwalimu afundishaye Jumapili juu ya mawe ya gunia, akanyamaza juu ya mizani iliyopindwa, amehesabu majani ya mnanaa na kuacha haki. Lakini haki haidaiwi kwa kunung'unika. Mkulima na apime gunia lake nyumbani kabla ya kulipeleka, aandike, aende na jirani yake awe shahidi. Wakulima na wauze pamoja. Wawaite wakaguzi wa vipimo wa Serikali, maana kazi yao ndiyo hiyo. Na makarani wa chama, wengi wao Wakristo wa sharika zetu, wakumbuke kwamba kitabu cha hesabu nacho ni kama karatasi ya chupa: jina lao limo.

Tatu, tusiweke tumaini la nyumba yote katika zao moja, liwe mnanaa au kahawa. Bei ipandayo mwaka huu haikutuahidi kitu, na kuvu haiulizi tumepanda kiasi gani. Shamba la chakula libaki. Na atakayeanguka wakati bei inaposhuka asiachwe peke yake, kwa maana rehema nayo ilikuwamo katika yale mambo mazito.

Mzee yule na jirani zake wawili walichanga fedha, wakanunua mizani. Waliipeleka ikakaguliwe, kisha wakapima magunia yao yote mbele ya watu. Mnunuzi alipoona hesabu yao alikasirika, akasema haitaki kahawa yao. Wakaipeleka ghalani kwa chama cha ushirika, wakangoja malipo majuma sita, na katika majuma hayo mmoja wao alikopa karo ya mtoto. Kilo zao za msimu ule wa kwanza hazikurudi. Lakini mzee aliniambia kwamba sasa watu wengine kumi na wanne hupima kahawa yao barazani kwake kabla ya kuiuza, na kwamba yeye mwenyewe husimama karibu na mizani, mtu asije akaweka kidole.

Bwana awabariki katika kazi za mikono yenu.

Maswali ya kufundishia

1. Kwa nini Bwana Yesu hakuwakataza Mafarisayo kutoa zaka ya mnanaa? Aliwalaumu kwa nini?
2. Wakulima waaminifu wa New York walipata hasara gani kwa ajili ya wale waliotia tapentini? Je, mambo ya namna hiyo yako kwetu? Tajeni mazao.
3. Hotchkiss aliandika jina lake juu ya chupa. Sisi twaweza kufanya nini ili kazi yetu ijulikane kuwa ni ya kweli?
4. Mafuta safi hayakuleta haki peke yake. Elezeni neno hili kwa mfano wa wakulima wa Bara Hindi.
5. Katika usharika wenu, ni nani awezaye kuitazama mizani kwa niaba ya wajane na wazee?